Kichwa Kilichoinama

 

Neno letu la leo latoka Zaburi ya 92, kuanzia mstari wa 12. Mtunga Zaburi amfananisha mwenye haki na mtende, tena na mwerezi wa Lebanoni, mti uliopandwa nyumbani mwa Bwana ambao hata uzeeni haukomi kuzaa. Wengi wetu hatujapata kuuona mwerezi wa Lebanoni. Basi na tujifunze kwa mmea tunaoujua, uwezao kuota hata nyuma ya jikoni lako, yaani alizeti.

Ukitaka kuipanda nyumbani, chagua mahali penye jua la kutwa. Mvua ikianza, fukia mbegu kina cha sentimita 3 hivi, na kati ya mche na mche acha sentimita 30. Mche mchanga hulifuata jua toka mashariki hata magharibi, na usiku hurudi kuling'oja lichomoze. Baada ya miezi miwili hivi ua hufunguka, na kila apitaye njiani hulisifu.

Lakini ukilikata ua hilo siku ya sifa zake, utakula nini? Hakuna kitu. Mbegu zake bado hazijajaa. Yakupasa ungoje. Manjano yanyauka, shingo yapinda, kichwa chainama, na mgongo wake uliokuwa wa kijani wageuka kuwa manjano, kisha kahawia. Mgeni akiuona husema, "Mmea huu umekwisha." Mwenye shamba husema, "Sasa umeiva." Hukikata kichwa, hukitundika mahali pakavu penye hewa, kisha huzipukuchua mbegu kwa mkono, huzipepeta na kuzianika sana zisiote ukungu. Ukizikaanga na chumvi kidogo, watoto watamenya na kula, nao watapata mafuta na protini ya kuwajenga mwili.

Ndugu yangu, dada yangu, je, kanisani kwako hakuna vichwa vilivyoinama? Yuko mzee aliyefundisha katekisimu miaka mingi, akitembea kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Sasa macho yamefifia, naye huketi kiti cha nyuma wala hakuna amwulizaye neno. Yuko nyanya aliyewaombea wengi wetu tukingali tumboni. Watoto wake walio mjini humpelekea pesa kwa simu, lakini sauti yao haisikii. Twasema, "Hao wamekwisha."

Nalijua kanisa moja ambalo mzee mmoja tu ndiye aliyeujua vema mpaka wa kiwanja, kwa kuwa alikuwapo kilipotolewa. Hakuna aliyekwenda kumwuliza wala kuandika. Alipolala, ugomvi ukazuka na jirani, na Wakristo wakashitakiana mbele ya chifu. Mbegu zilikuwapo, wapendwa. Hazikuvunwa.

Maana alizeti iliyoiva haingoji milele. Usipoifunika kwa kitambaa chepesi, na usipoivuna kwa wakati, ndege huja alfajiri, na wewe wakuta maganda chini. Nasi twafanya vivyo hivyo. Twangoja matanga, ndipo tusimame mmoja mmoja kumsifu marehemu. Wakati huo hawezi tena kutufundisha neno.

Labda wewe unisikilizaye ndiwe mzee huyo, nawe wajiona huna kazi. Fikiri tena habari za alizeti. Ikiisha kuchanua, hailifuati jua tena. Hutulia imeelekea mashariki. Je, imechoka? Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kichwa kinachoelekea mashariki hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hukijia kwa wingi kuliko kile kilichogeuzwa magharibi. Kutulia si kukosa kazi. Katika Luka mlango wa 2 twasoma habari za Ana, mjane wa miaka 84. Yeye hakuzunguka huku na huku. Alikaa hekaluni akifunga na kuomba, uso wake umeelekea atokako Mwokozi. Mtoto Yesu alipoletwa, Ana alikuwapo, akawaambia habari zake wote waliokuwa wakingoja ukombozi. Nawe kaa umemwelekea Bwana. Watakujia.

Na ninyi vijana, juma hili nendeni kwa mzee mmoja. Msiende na sukari tu. Ketini chini, ulizeni, andikeni.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya mwenye shamba, tusimdharau aliyeinama. Uwajalie wazee wetu kuzaa hata mwisho, nasi utupe mikono ya kupokea kabla ya usiku kuingia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.