Shamba la Chai Haligawanywi Msibani



Nimeombwa nizungumzie wosia hapa Tukuyu. Nitashughulika na mtu mmoja tu kati ya wengi wanaouhitaji: mzazi aliyeachana na mwenzake, watoto wakiwa wameshakuwa watu wazima. Naamini huyu ndiye anayeuhitaji kuliko wote, na ndiye anayeuandika vibaya, maana huuandika peke yake, kwa siri, na mara nyingi akiwa na hasira.

Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson walipofanya utafiti wao kwa Wanyakyusa wa huku kwetu Rungwe kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta urithi ukienda kwanza kwa mdogo wa marehemu wa tumbo moja, kisha baadaye ukirudi kwa watoto wa kiume. Utajiri mkubwa ulikuwa ng'ombe, na ng'ombe huswagwa kutoka boma hili hadi lile. Leo mali ya Rungwe imesimama ardhini: migomba, kahawa, chai, na sasa parachichi. Mche wa chai ukitunzwa huchumwa zaidi ya miaka 50. Nani aliupanda? Nani alipalilia mtoto akiwa mgongoni? Mara nyingi walikuwa wawili, na mmoja wao leo amerudi kwao.

Watu husema "tumeachana" wakiwa na maana kwamba mama alifungasha vitu vyake, wazee wakakaa kikao, na habari ya mahari ikazungumzwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui talaka ya namna hiyo. Ndoa huvunjwa na mahakama, na kabla ya kufika huko shauri kwa kawaida hupitia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Bila hukumu hiyo, mama aliyeondoka miaka mingi iliyopita bado ni mke, na siku ya msiba atafika kama mjane. Wala hatakuwa mwongo.

Kwa hiyo wosia wa mtu huyu hauanzi na watoto, unaanza na mwenzake wa zamani. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo kinaipa mahakama uwezo wa kugawanya mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. Tangu hapo hoja ya "yeye alikuwa akipika tu" imekosa pa kusimama. Mgao huo ukishafanyika, kinachobaki ndicho chako. Huwezi kuusia cha mwenzako.

Chukua mfano wa baba wa Katumba anayeandika kwenye karatasi ya daftari: "Shamba la juu kwa mkubwa, la chini kwa mdogo." Hakuna tarehe. Mpaka ni "kutoka kwenye migomba". Binti zake wawili hawatajwi. Shahidi ni huyo huyo mkubwa anayepewa shamba. Karatasi hiyo italeta ugomvi ambao baba hatakuwepo kuuamua.

Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zina mambo yanayoniumiza, hasa zinavyowaweka binti na mjane nyuma. Lakini kuhusu wosia zina busara moja kubwa: zinakataa siri. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unataka angalau mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne. Uwe kwa wino au umepigwa chapa, na warithi wasiwe mashahidi. Mtu baki yupo kwa sababu ukoo nao una upande wake. Nami nasema binti na watajwe kwa majina, na sehemu yao iandikwe wazi, maana wosia ndiyo nafasi ya mzazi kutenda haki ambayo kanuni za urithi zinasitasita kuitenda. Mama aliyeachika na kununua kiwanja chake hapa mjini naye aandike. Mali ni yake.

Linabaki jambo gumu kuliko yote. Yupo kijana aliyemfuata mama yake wazazi walipoachana, akakaa miaka bila kumjulia baba hali. Baba anataka kumfuta. Kanuni zile zile zinataja sababu za kumnyima mrithi: kuzini na mke wa mwenye wosia, kujaribu kumuua au kumdhuru, kumtelekeza katika ugonjwa au njaa. Kumpenda mama hakumo. Na mtoto hanyimwi kabla ya kupewa nafasi ya kujitetea.

Basi aitwe, hata kama yuko Mbeya au Dar es Salaam, na nauli atumiwe. Aulizwe mbele ya wazee, ajibu, na mama yake asitukanwe katika kikao hicho. Kama baada ya kumsikiliza baba bado anashikilia kumnyima, aiandike sababu yenyewe ndani ya wosia, kwa wino, mashahidi wakiona.