Kalomeli: Zebaki Isiyong'aa



Wengi wetu tunaijua zebaki kuwa ni majimaji yanayong'aa ndani ya kipimajoto. Lakini zebaki hujificha pia katika kalomeli, madini adimu yenye zebaki na klorini. Hupatikana kwa uchache penye miamba ya zebaki, kama vile Almadén nchini Hispania na Terlingua nchini Marekani. Ni madini meupe, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha, mazito takriban mara 7 kuliko maji. Hayana ladha, na yakipigwa na mwanga huwa meusi.

Kukosa ladha ndiko kulikowahadaa watu. Nchini Uingereza, hadi miaka ya 1950, unga wake ulitiwa katika dawa ya watoto wanaoota meno, na baadhi yao wakadhurika. Siku hizi hutengenezwa viwandani, na huonekana katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi. Zebaki hiyo hupenya ngozi na kudhuru figo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua krimu, someni orodha ya viambato. Mkiona “calomel”, “mercury” au “Hg”, msiinunue. Isiyo na orodha, iacheni vilevile.