Kampuni ya Bima na Wajibu wa Kuuliza



Migogoro mingi ya bima haihusu hasara yenyewe. Lori limeungua, na kila mtu ameliona. Kinachogombaniwa ni fomu iliyojazwa siku mteja alipokata bima. Kampuni huitoa kabatini, ikakuta jibu lisilo sahihi au jambo ambalo halikutajwa, kisha ikamwandikia mteja kwamba mkataba wake ni batili tangu mwanzo. Hoja yangu jioni hii ni moja: kampuni iliyopokea ada bila kuuliza isiruhusiwe kuanza kuuliza baada ya hasara kutokea.

Mawakili wa kampuni huegemea kanuni ya nia njema ya hali ya juu, yaani kwamba wanaofunga mkataba wa bima wasifichane mambo muhimu, na chimbuko lake hulitaja kuwa shauri la Carter dhidi ya Boehm, lililoamuliwa na Jaji Mansfield wa Uingereza mwaka 1766. Tulisome shauri hilo kwa makini, kwa sababu wengi hulitaja bila kueleza nani alishinda.

Carter alikuwa gavana wa Fort Marlborough, ngome ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki huko Bengkulu, kisiwani Sumatra. Kwa niaba yake ilikatwa bima mjini London, ya mwaka mmoja kuanzia Oktoba 1759, dhidi ya ngome kutekwa na adui kutoka nje. Aprili 1760 Wafaransa waliiteka. Boehm, aliyekuwa ameibeba hatari hiyo, alikataa kulipa. Alidai kwamba gavana alificha udhaifu wa ngome na dalili kwamba Wafaransa wangekuja. Mansfield hakukubali. Boehm alikuwa London, mahali ambapo habari za vita zilijulikana zaidi kuliko huko Sumatra. Alijua kuwa mkata bima ni gavana, na kwamba gavana hawezi kutangaza udhaifu wa ngome yake. Angeweza kuuliza, hakuuliza, akapokea ada. Carter alishinda. Katika hukumu hiyohiyo Mansfield alisema kwamba nia njema inazifunga pande zote mbili, na kwamba mtoa bima hawezi kuchukua fedha huku akijiwekea akiba sababu ya kutolipa.

Baadaye kanuni hiyo iligeuzwa kichwa chini. Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya 1906 ilimtaka mkata bima ataje kila jambo ambalo mtoa bima mwenye busara angelizingatia, aulizwe asiulizwe. Mahakama zikaipeleka kanuni hiyo nchi kavu: kwenye nyumba, magari, hata maisha ya watu.

Mwaka 1922 Baraza la Malodi liliamua shauri la Dawsons dhidi ya Bonnin. Lori la Dawsons, kampuni ya Glasgow, lilikuwa limeungua. Katika fomu, mahali pa kulaza lori paliandikwa anwani ya mjini, kumbe lilikuwa likilazwa nje ya mji. Kosa hilo halikuongeza hatari, na malodi wenyewe walilikubali hilo. Hata hivyo, kwa sababu fomu ilisema kwamba majibu yake ndiyo msingi wa mkataba, Dawsons hawakulipwa. Mwaka 1929, katika shauri la Newsholme, mteja alimweleza wakala ukweli, wakala akaandika mengine. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikasema kwamba wakala anapojaza fomu anakuwa mtumishi wa mteja.

Fikra hizi ndizo tulizorithi. Sheria ya Uingereza ilipokewa Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897 na Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, na hukumu za baadaye zimeendelea kusomwa mbele ya majaji wetu. Mwangalieni sasa mwenye duka Kariakoo au Kongowea. Fomu ni ya Kiingereza. Anayeijaza ni wakala anayelipwa kamisheni na kampuni. Mteja anaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Kumtwisha mtu huyo makosa ya kalamu ya wakala ni dhuluma, na sioni haya kuiita hivyo hata kama imevikwa hukumu ya mwaka 1929.

Sheria zetu zenyewe zinajua njia bora. Sheria ya Kenya ya bima ya magari kwa madhara ya mtu wa tatu, Sura ya 405, inailazimu kampuni kulipa hukumu aliyoshinda majeruhi. Ikitaka kukwepa kwa sababu mwenye gari alificha jambo, lazima ifungue shauri kabla ya kesi ya majeruhi au ndani ya miezi mitatu tangu kesi hiyo ianze. Tanzania Bara ina sheria ya ukoo huohuo, Sura ya 169. Ikiwa kampuni inaweza kubanwa hivyo kwa faida ya aliyegongwa, kwa nini aliyelipa ada aachwe bila kinga kama hiyo?

Waingereza wenyewe wameiacha njia ya 1906. Sheria yao ya 2012 ilimwondolea mteja wa kawaida mzigo wa kutaja mambo asiyoulizwa. Wajibu wake ni kuchukua tahadhari ya kutosha asitoe maelezo yasiyo kweli. Ile ya 2015 ikawapa wafanyabiashara nafuu yao. Aliyekosea kwa uzembe hapotezi kila kitu: kama alilipa shilingi 300,000 na ada stahiki ilikuwa 400,000, hulipwa robo tatu ya dai lake.

Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima nchini Tanzania imewafungulia mlango watu wasiomudu wakili, lakini msuluhishi naye anahitaji sheria iliyo wazi mkononi. Napendekeza iandikwe kwamba fomu iwe katika lugha aliyoichagua mteja, na kwamba wakala anayeijaza ni mkono wa kampuni.

Wenzangu wa sekta huniambia kwamba hapo tutawafungulia mlango matapeli. Sivyo. Katika sheria hizo mpya za Uingereza, aliyedanganya kwa makusudi bado anaweza kufutiwa mkataba wake wote, na ada yake isirudishwe. Ila kampuni ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba alidanganya, na hapo itaulizwa kwanza ilimuuliza nini.