Ankara Zimelipwa, Kibaki Kiasi Gani?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Juma lililopita nilisimama kwenye foleni ya wakala wa fedha za simu mtaani kwetu, hapa jijini Dar es Salaam. Ilikuwa tarehe 27, nawe unajua tarehe 27 ilivyo. Mbele yangu alikuwapo kijana mmoja nadhifu, tai shingoni, akanunua umeme wa LUKU wa shilingi 2,000. Hakuna aliyecheka. Sote tuliokuwa pale tulielewa kwamba kijana yule ana kazi na ana mshahara. Ila alikuwa amekwisha kulipa kila kitu, na baada ya kulipa kila kitu hakubakiwa na kitu.

Jambo hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo. Sisemi habari za kujenga nyumba wala za kustaafu. Nauliza swali dogo tu: ukisha kulipa pango, umeme, maji, nauli na chakula, kiasi gani kinapaswa kibaki ili ufike mwisho wa mwezi bila kubisha hodi kwa watu?

Wengi hujibu upesi: sehemu moja ya kumi ya mshahara. Ni jibu la heshima na ni rahisi kulikumbuka. Mimi nimelijaribu, likaniangusha.

Mwaka ule kipato chetu, mimi na mama watoto, baada ya makato kilikuwa shilingi 700,000. Tukawa tunaweka 70,000 kila mwezi na kujiona watu wa maana. Mwezi mmoja mtoto wetu wa pili akashikwa na homa usiku wa manane. Bodaboda ya kwenda, kadi ya kumwona daktari, vipimo, dawa, bajaji ya kurudi: shilingi 64,000 kabla jogoo hajawika. Siku tisa baadaye ukaja msiba wa mjomba wangu kijijini. Nauli ya basi, rambirambi, mchango wa ukoo, sikuwa nacho. Nikakopa shilingi 150,000 kwa bwana mmoja wa mikopo ile ambayo siku hizi watu wameibatiza jina la kausha damu. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi nikashindwa kurudisha deni zima, nikalipa riba tu, shilingi 30,000. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Nililipa riba miezi mitano, yaani shilingi 150,000, kiasi kile kile nilichokopa, na bado nilikuwa nadaiwa shilingi 150,000 kamili.

Deni tulilimaliza kwa kuuza televisheni. Watoto walilia, nami sikuwa na la kuwaambia.

Mama watoto hakunilaumu. Alinunua daftari la shule, akasema tuache habari za asilimia, tuandike kila kitu kinachotutia aibu kwa mwaka mzima: tarehe, jambo lenyewe, na fedha iliyotoka. Nikaona ni mchezo wa kitoto, lakini nikaandika. Baada ya mwaka tukalifungua lile daftari mezani, na nakiri kwamba nilishangaa. Katika miezi 12, miezi 10 ilikuwa na jambo. Kumbe kile tulichokuwa tunakiita dharura kilikuwa mgeni wa kila mwezi!

Tulipochambua tukaona mambo yenyewe ni ya aina mbili.

Kwanza ni yale yenye tarehe. Mwenye nyumba wetu, kama wenye nyumba wengi wa jiji hili, hachukui pango la mwezi mmoja. Anataka la miezi sita kwa mpigo, shilingi 600,000, mara mbili kwa mwaka. Kisha kuna Januari. Ada katika shule za serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini sare, viatu na madaftari ya watoto watatu havikuondolewa. Kwetu ni kama 300,000. Sikukuu na nguo zake ni 180,000. Jumla ya mambo hayo ni shilingi 1,680,000 kwa mwaka. Gawanya kwa 12, unapata 140,000 kila mwezi. Na hebu niambie, ndugu msikilizaji, Januari inatushtuaje kila mwaka, wakati haijawahi hata mara moja kukosa kuja baada ya Desemba?

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Zile 70,000 nilizokuwa najivunia hazikuwa salio hata kidogo. Zilikuwa fedha za mambo yenye tarehe ambayo siku yake haijafika, tena nusu yake tu. Kipato chetu hakikuwa 700,000. Kilikuwa 560,000, na zilizobaki zilikuwa za watu wengine, zimelala kwangu kwa muda.

Aina ya pili ni mambo yasiyo na tarehe: homa, misiba, simu iliyodondoka majini, mgeni aliyekuja bila nauli ya kurudi. Katika daftari letu dogo kabisa lilikuwa la shilingi 8,000 na kubwa kabisa la 240,000. Lakini mengi yaliangukia kati ya 30,000 na 90,000, na kuna miezi yalikuja mawili kwa pamoja. Tukakata shauri hivi: salio letu liwe la kuweza kubeba mambo mawili ya 90,000 katika mwezi mmoja, yaani 180,000. Lile la 240,000 hatukulifanya kipimo. Ukipimia jambo kubwa kuliko yote utaogopa kununua hata sukari.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Hizo 180,000 si za kubakiza kila mwezi. Ni kama maji ya mtungini. Mtungi ukishajaa, umejaa, ukichota, unarudishia. Sisi tulikuwa tunatia 40,000 kila mwezi, na kwa mwendo huo mtungi mtupu hujaa katika mwezi wa tano. Ukijaa, zile 40,000 zinakwenda SACCOS au kwenye jambo jingine la maana.

Utaniuliza zilitoka wapi. Toa 140,000 za mambo yenye tarehe, toa 40,000 za mtungi, zinabaki 520,000. Chakula 10,000 kwa siku, hiyo ni 300,000. Nauli zetu 90,000. Umeme, maji na gesi 90,000. Zinabaki 40,000 za sabuni, vocha, sadaka na ndugu. Nyama ikahamia Jumapili. Mimi nikapunguza kijiwe cha jioni, na nilichogundua ni kwamba marafiki wangu wa kijiweni nao walikuwa wanatafuta sababu ya kuondoka mapema.

Mwenye biashara ndogo atasema: hayo ni ya watu wa mishahara. Jirani yangu ni fundi cherehani. Hana mwisho wa mwezi. Kazi humjia kwa wingi kabla ya Idi na wakati wa sare, kisha hukauka. Yeye hakuhesabu kwa mwezi. Alijiuliza ukame wake mrefu kuliko wote bila mteja wa maana ulikuwa wa siku ngapi, akakumbuka wiki tatu. Basi anaweka fedha ya chakula cha wiki tatu, haigusi wakati kazi zipo. Namsifu, kwani amepima shida yake mwenyewe.

Fedha hiyo ikae wapi? Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 wengi wetu tunaiacha kwenye simu. Ina faida yake: homa ya usiku haingoji benki ifunguliwe. Lakini iliyo kwenye simu huyeyuka kwa makato, na mnakumbuka kelele za tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, hata ikabidi ipunguzwe Septemba mwaka ule ule. Sisi tunaacha 50,000 kwenye simu na nyingine benki. Upatu je? Upatu ni mzuri kwa mambo yenye tarehe. Kwa homa haufai, maana mtoto akiugua leo na zamu yako ni ya saba, utafanyaje?

Kuna suala la ndugu, ambalo wataalamu wa fedha hupenda kuliruka. Nduguyo akipiga simu usiku, huwezi kumwambia una mtungi. Sisi tumewatengea 15,000 ndani ya zile 40,000 za sabuni na sadaka. Anayewahi anapata, anayechelewa namwambia ukweli kwamba ya mwezi huu imetoka. Wapo walionuna. Msiba ni jambo jingine; msiba huchota mtungini.

Nisisahau upande wa pili, kwani kuna wanaobakiza kupita kiasi. Namkumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu zamani. Mwaka 1990 alikuwa na noti sandukuni za kutosha bati 20, na paa lake lilikuwa linavuja. Akasema fedha hiyo ni ya shida, haiguswi. Miaka ile bei zilikuwa zinapanda kwa zaidi ya asilimia 20 kila mwaka. Alipofungua sanduku mwaka 1994, fedha ile ilitosha bati 8. Siku hizi hali ni tofauti; kati ya 2018 na 2024 wastani wa mfumuko wa bei kwa mwaka haukufika asilimia 5. Hata hivyo paa likivuja linavuja, na sijui mzee yule alikuwa anangoja shida gani nyingine.

Na yupo msikilizaji ambaye kipato chake hakifiki hata kwenye chakula. Kwake sina hesabu ya kumpa, na naona haya kumwambia aweke akiba. Huyo anahitaji nyongeza, na wanaomwajiri wanasikia redio hii.

Kwetu daftari bado linaandikwa. Hili ni la tatu sasa. Mwezi uliopita ulitokea msiba wa jirani na watoto wakaugua mafua, zikachotwa 48,000. Kwa hiyo mtungi una 132,000, na 40,000 za mwezi huu tumekwisha zitia. Zinadaiwa 8,000. Mama watoto ameziandika kwa kalamu nyekundu.

Wiki ijayo, Mungu akitujalia, nitajibu barua zenu kuhusu upatu na wale wanaopokea zamu ya kwanza kisha wakahama mtaa.