Orodha ya Abiria wa Kwenda Diego Garcia

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa kanisa, Milimani, Nakuru)



Mliniomba nizungumze juu ya katiba na kambi za wanajeshi wa kigeni. Naomba radhi yenu niyaweke kando hayo makubwa kwa muda, nizungumzie ndege. Sina maana ya ndege ya kuangusha mabomu. Nina maana ya ndege ya abiria, yenye viti na mikanda, na mtu aliyesimama mlangoni akishika orodha ya majina. Nimelichunguza jambo hili nikaona kwamba haki tunazozitafuta katika vifungu vya sheria, mara nyingi zimefungiwa ndani ya orodha hiyo.

Mwezi wa Julai 2024 kulikuwa na mahakama iliyoshindwa kukaa. Jaji alikuwapo, mawakili walikuwapo, na kesi ilikwisha pangiwa siku. Mahakama hiyo ilikuwa ya Uingereza, na kisiwa ilimokusudia kukutana, Diego Garcia, kilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Lakini hakuna shirika la ndege linalouza tiketi ya kwenda Diego Garcia. Wanaokwenda huko kwa anga hupanda ndege za jeshi au zilizokodiwa na jeshi, na uwanja wa kutua umo mikononi mwa Wamarekani. Siku chache kabla ya safari, Wamarekani waliondoa kibali chao. Mawakili na waandishi wa habari wasipande ndege zao. Wasipewe malazi, usafiri wala chakula kisiwani. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Kesi ikaahirishwa. Mahakama ya nchi iliyojigamba kwa karne nyingi kwamba ndiyo mama wa sheria ilikosa kiti cha ndege!

Kesi yenyewe ilihusu Watamil kutoka Sri Lanka. Mnamo Oktoba 2021 chombo chao cha uvuvi kilipata matatizo baharini wakiwa safarini kuelekea Kanada, wakaokolewa na kupelekwa Diego Garcia. Wakawekwa katika mahema yaliyozungushiwa ua, watoto wakiwa miongoni mwao, wakakaa humo miaka. Walikuwa wanamwomba jaji aje aone kwa macho yake. Hatimaye, baada ya mabishano mengi, jaji alifika Septemba 2024, na mwezi wa Desemba mwaka huo akaamua kwamba watu hao walikuwa wamezuiliwa kinyume cha sheria. Kwa hiyo haki ilipatikana. Lakini yafaa tujiulize: kama kile kibali cha kupanda ndege kisingalirudishwa, jaji angaliyaona mahema yale kwa njia gani?

Ndugu zangu, kisiwa hiki si cha dunia nyingine. Kimo katika Bahari ya Hindi hii yetu, yapata kilomita 3,600 mashariki ya Mombasa, kusini kidogo ya usawa wa Dar es Salaam. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Chagos. Watu wake wa asili, Wachagosi, wengi wao ni wajukuu wa watumwa waliotolewa Msumbiji na Madagaska, wakapelekwa huko na Wafaransa kulima minazi. Waliishi humo kwa vizazi, wakajenga makanisa, wakazika wazazi wao.

Mwaka 1965, Morisi ikiwa bado koloni, Uingereza iliimega Chagos kutoka Morisi na kuifanya eneo lake jipya. Desemba 1966 ikapatana na Marekani kuhusu kambi ya kijeshi. Wamarekani hawakutaka kambi yenye majirani. Basi watu, zaidi ya elfu moja, wakaanza kuondolewa.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu namna walivyoanza kuondolewa haikuwa kwa bunduki. Ilikuwa kwa orodha ya abiria. Mwaka 1968 familia moja kutoka kisiwa cha Peros Banhos ilisafiri kwa meli hadi Morisi kumtibisha binti mdogo aliyekanyagwa mguu na gurudumu la mkokoteni. Mtoto yule akafa. Wazazi walipokwenda kuulizia meli ya kurudi nyumbani, waliambiwa hakuna tena kurudi, visiwa vimeuzwa. Kaka wa marehemu alikuwa na umri wa miaka minne. Jina lake ni Olivier Bancoult, naye ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa Wachagosi na kuishtaki serikali ya Uingereza mara kadhaa. Wengine wengi walikwenda Morisi vivyo hivyo, kwa matibabu au kuwaona jamaa, wakakuta mlango umefungwa nyuma yao. Hawakufukuzwa mbele ya macho ya mtu. Walinyimwa nafasi chomboni tu.

Waliobaki ndio waliohamishwa kwa nguvu. Mwaka 1971 mafundi wa jeshi la majini la Marekani walitua Diego Garcia, na katika kazi zao za kwanza ilikuwamo njia ya ndege. Mbwa wa wakazi waliuawa. Watu wakapakiwa melini, na kufikia 1973 Peros Banhos nayo ikawa haina mtu. Walishushwa Morisi na Shelisheli pasipo nyumba wala kazi. Tangu hapo ndege zikawa zinatua na kuruka, na njia ya kutua ikarefushwa hata ikafikia zaidi ya kilomita tatu na nusu.

Ndege hizo hubeba nani? Hubeba askari waliopewa amri ya maandishi ya kwenda kazini. Hubeba pia wapishi, wafagiaji na mafundi wa kandarasi, wengi wao kutoka Ufilipino na Morisi. Katika safari nyingine za jeshi la Marekani, viti vinavyobaki huweza kupewa askari walio likizoni, wastaafu, hata wake na watoto wao. Kwa Diego Garcia sivyo. Askari haendi na mkewe wala watoto, na hakuna anayepanda kwa matembezi. Sharti uwe na kazi, na uwe na kibali.

Najua yuko mtu humu anayesema moyoni: kambi ni kambi, bwana, hata Lanet hatuingii ovyo. Ni hoja ya haki, nami sitaki kuipita mbio. Lakini kuna kambi nyingine ya kisiwani, na mwenye ndege huko ni Uingereza yenyewe. Visiwa vya Falkland viko mbali kabisa, kusini mwa Atlantiki, zaidi ya kilomita 12,000 kutoka London. Baada ya vita vya 1982 na Argentina, Waingereza walijenga huko kambi na uwanja wa ndege wa Mount Pleasant, uliofunguliwa 1985. Jeshi la anga la Uingereza hupeleka huko ndege ya abiria kutoka Brize Norton. Na raia wa Falkland, mfugaji wa kondoo au mwanafunzi anayerudi likizo, hununua kiti katika ndege hiyo hiyo ya jeshi akakaa pamoja na askari. Usalama haukuvunjika. Wenyeji wa Falkland, ambao wengi wao asili yao ni Uingereza, husemwa kwamba matakwa yao ndiyo ya kwanza na kwamba jeshi liko pale kwa ajili yao.

Basi ufalme ni mmoja, bahari mbili, orodha mbili. Katika orodha moja mwenyeji anauziwa kiti. Katika ya pili mpishi wa kigeni anapewa kiti na mwenyeji anaachwa bandarini Port Louis. Siwezi kuliita jambo hilo usalama.

Wazee wa hapa wanajua ninalosema hata kabla sijafika. Mnamo Septemba 1993, wakati wa mapigano ya kikabila, serikali ilitangaza Molo, Burnt Forest na Londiani kuwa maeneo ya ulinzi maalumu. Waandishi wa habari na watoa misaada hawakuruhusiwa kuingia. Mimi nilikuwa kijana juu ya lori lililobeba mahindi na blanketi zilizochangwa na waumini. Tulisimamishwa njiani, afisa mmoja akatutazama, akauliza kibali kiko wapi. Mzee wetu alimwonyesha Biblia, nadhani kwa uchungu kuliko kwa hekima. Tukageuzwa. Mahindi yale tuliyarudisha mjini, na waliokuwa ndani wakabaki na lao ndani. Sikumbuki kama mtu yeyote alituambia kwamba haki za watu wa Molo zimefutwa. Hazikufutwa. Zilikuwa upande wa pili wa kizuizi.

Turudi kwa Wachagosi, kwani mwendo wa kesi zao una funzo kwa sisi tunaoamini mahakama. Novemba 2000 Bancoult alishinda katika Mahakama Kuu ya London: kufukuzwa kwao kulikuwa kinyume cha sheria. Palikuwa na furaha kubwa. Lakini kushinda hakukuleta meli wala ndege. Juni 2004 serikali ya Uingereza ikawafungia mlango upya kwa amri ya kifalme, bila kulipeleka jambo hilo mbele ya Bunge. Wachagosi wakaenda tena mahakamani, wakashinda mara mbili, na Oktoba 2008 wakashindwa mbele ya majaji wa Nyumba ya Malodi, watatu kwa wawili. Katikati ya hayo, mwaka 2006, watu kama mia moja walipelekwa kwa meli kuzuru makaburi. Walifyeka majani, wakasali, wakarudishwa melini. Novemba 2016 serikali ikasema tena kwamba hawatarudi, ikitaja ulinzi na gharama.

Februari 25, 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, chini ya rais wake Abdulqawi Yusuf, Msomali, ilitoa maoni kwamba Chagos ilimegwa kutoka Morisi isivyo halali na kwamba Uingereza yapaswa kuondoka haraka iwezekanavyo. Kenya yetu ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka mawakili kusema katika shauri hilo, jambo la kujivunia. Kisha Mei 22, 2025 Uingereza na Morisi zilitia saini mkataba wa kuirudisha Chagos kwa Morisi. Usomeni mkataba huo kwa makini. Diego Garcia inabaki kambi kwa miaka 99. Morisi inaruhusiwa kuwarudisha watu katika visiwa vingine, wala si katika Diego Garcia, na uwanja mkubwa wa ndege uko Diego Garcia. Wachagosi wengi walilalamika kwamba hata katika mazungumzo hayo hawakupewa kiti.

Tusidhani ni mambo ya visiwani tu. Mwaka huo huo wa 1973, Peros Banhos ilipokuwa ikifagiliwa watu, chini ya saa mbili kwa gari kutoka hapa tulipoketi, Waendorois walikuwa wakitolewa kandokando ya Ziwa Bogoria ili pawe hifadhi ya wanyama. Familia zilikuwa karibu 400. Ni 170 tu zilizopata fedha kidogo, na hiyo ni mwaka 1986. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba Kenya ilikosa, na kwamba watu wale waruhusiwe kuingia ziwani mwao kwa ibada zao na kulisha mifugo. Ushindi wa karatasi waliupata, kama Bancoult. Langoni wameendelea kukuta mtu mwenye orodha.

Sasa kambi zilizomo nchini mwetu. Mwaka 1980 Kenya ilikubali jeshi la Marekani litumie bandari ya Mombasa na viwanja vyetu vya ndege. Ni wangapi humu waliowahi kuyasoma mapatano hayo? Siuoni mkono. Januari 5, 2020 Al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay kule Lamu na kuua Wamarekani watatu, wengi wetu ndiyo siku tuliyojua ya kwamba kuna uwanja kama huo. Sisemi kambi zote zivunjwe kesho. Al-Shabaab hawakuwahi kututakia mema. Nasema kwamba tunayo Sheria ya Kutengeneza na Kuridhia Mikataba ya mwaka 2012, inayotaka mikataba ipelekwe mbele ya Bunge. Kipindi chote tulipopigania vyama vingi, tulisema wananchi waulizwe. Basi tuulizwe na hapa.

Ninapendekeza tuwaandikie wabunge wetu wa Nakuru barua moja, isiyo ndefu. Tutake kwamba kila mapatano ya kambi ya kigeni, ya zamani na mapya, yasomwe Bungeni hadharani. Tutake yawe na kifungu kinachosema wazi kwamba jaji wa Kenya, wakili, daktari na kiongozi wa dini hawatahitaji kibali cha serikali ya kigeni kumfikia mtu aliyezuiliwa ndani ya ardhi ya Kenya. Na pale ambapo njia ya kufika ni ndege au mashua ya jeshi, kifungu kiseme hivyo hivyo kwamba kiti chao kipo. Hilo la kiti wanasheria wenzangu watalicheka. Waacheni wacheke, Julai 2024 haikuwa na kichekesho.

Rasimu ya barua iko mezani karibu na mlango, kwa katibu. Anayetaka kutia saini aandike na nambari ya kitambulisho, kwa sababu ombi lisilo na nambari hurudishwa. Kina mama wa upande wa kushoto waanze, halafu wazee.