Simu Ipigwe Mlowo, Si Senjele

 

Wahitimu, wengi wenu mnakwenda kwa mawakala wa forodha, kwenye yadi za malori na maghala ya mahindi hapa Tunduma, Vwawa na Mlowo. Ufundi mmeshafundishwa. Langu ni moja: ukiona tatizo kazini, liseme siku hiyohiyo.

Mpaka wetu mnaujua. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ili lori lisimame mara moja likaguliwe na maofisa wa nchi zote mbili. Nafuu kubwa, ila haimwokoi mwenye hati inayotaja uzito usiolingana na mzigo. Karani anayeigundua tofauti hiyo kontena likiwa bado Dar es Salaam ana muda wa kurekebisha. Akinyamaza kwa kumwogopa bosi, kosa litaibuka mbele ya ofisa wa forodha, dereva atalala ndani ya gari, na mteja aliyeko Lusaka ataanza kuuliza mzigo wake uko wapi.

Madereva, kwenu ni zito zaidi. Umetoka mpakani na shaba, breki hazishiki vizuri. Ukisema ukiwa Mlowo, anaitwa fundi. Ukishaanza kuushuka mteremko wa Senjele, utamwambia nani? Na si hiari yenu: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mfanyakazi kutoa taarifa ya hatari anayoiona kazini.

Ila kuna kusema na kusema. Ujumbe wa saa sita usiku, “Bosi, kuna kaishu kadogo,” halafu simu inazimwa, hiyo si taarifa, ni kumnyima mtu usingizi. Taja gari lipi, liko wapi, lina nini, unahitaji nini, na kabla ya saa ngapi. Kama chanzo ni wewe, kitaje hichohicho, maana fundi au karani atakayetumwa lazima ajue aanzie wapi.

Na ninyi matajiri mlioketi mbele, msidhani mmepona. Kijana anayefokewa kwa simu ya kwanza hapigi ya pili. Muulize kwanza anataka msaada gani. Hasira zipo tu, gari likishafika salama utamfokea kwa nafasi.

Mkuu wa Chuo, tugawe vyeti.