BIMA YA MOTOKAA NA ALAMA ZA LESENI
(Hotuba kwa wanachama madereva)



Wengi wetu tuna watoto au ndugu wanaofanya kazi Uingereza. Baadhi yao hutunza wazee, wakienda nyumba hii mpaka ile kwa motokaa zao wenyewe. Bila motokaa hakuna kazi. Nimeombwa nieleze habari ya kuificha kampuni ya bima alama za leseni.

Tangu mwaka wa 1982, dereva wa huko akivunja sheria ya barabara huandikiwa alama. Kwenda mbio kupita kiasi ni alama 3 hadi 6. Kushika simu mkononi huku unaendesha, tangu 2017, ni alama 6. Zikifika 12 katika miaka 3, kwa kawaida korti humzuia mtu kuendesha kwa miezi 6 au zaidi. Aliyefaulu mtihani karibuni hana nafasi kubwa hivyo: akipata 6 kabla ya kutimiza miaka 2, leseni hufutwa na mtihani hurudiwa.

Basi kampuni ya bima huuliza: je, una alama? Mwenye alama mara nyingi hutozwa ada kubwa zaidi, na mshahara ni ule ule. Ndipo mtu hujibu, "Sina."

Ndugu zangu, sheria ya 2012, iliyoanza kutumika 2013, naiona ni ya haki kwa mtu mdogo. Zamani mwenye bima alitakiwa kusema kila jambo zito hata kama hakuulizwa. Sasa ni kazi ya kampuni kuuliza, na kazi yako ni kujibu kwa uangalifu. Lakini sheria hiyo hutenga aliyekosa kwa kutoangalia na aliyedanganya kwa kusudi. Wa kwanza aweza kupunguziwa malipo. Tuseme alilipa ada ya pauni 600, na kwa alama zake angetozwa 800. Amelipa robo tatu. Motokaa yake ikiharibika kwa pauni 4,000, atapewa 3,000. Wa pili bima yake yaweza kufutwa kana kwamba haikuwapo, asipate kitu, na ada yake isirudishwe.

Hayo ni ya motokaa tu. Je, akigonga mtu? Huko kwa kawaida kampuni hulazimika kumlipa aliyeumia, hata kama dereva alidanganya. Watu husikia hivyo wakafurahi. Wasifurahi upesi. Kampuni ikishalipa, yaweza kumgeukia dereva na kumdai fedha hizo. Mguu wa mtu uliovunjika waweza kuwa deni zito kwa mshahara wa mtunza wazee. Tena kudanganya ili kupata bima ni kosa la jinai, na baadaye kila kampuni itamwuliza: je, bima yako imewahi kufutwa?

Wengine husema, "Watajuaje?" Tangu 2014 kampuni za huko zinaweza kutazama daftari la serikali kwa namba ya leseni. Na pasipo ajali hakuna anayechimba sana. Siku ya ajali huchimba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa hata watu waaminifu huanguka. Makosa mengi hukaa katika daftari la leseni miaka 4. Lakini kampuni kwa kawaida huuliza habari za miaka 5. Mtu huona leseni yake ni safi, akaandika "hakuna", na kumbe aliulizwa jambo jingine. Lisomwe swali lenyewe, na tarehe zake. Vile vile akimwandika mkewe au mwenzake kuwa dereva wa pili, alama za huyo nazo huulizwa. Na bima ikiletwa kufanywa upya, karatasi yenye habari za mwaka jana isitupwe kabatini, kilichobadilika kisahihishwe.

Msidhani hapa kwetu ni salama zaidi. Katika Sheria ya Kenya, Sura ya 405, kampuni yaweza kwenda kortini, hata ndani ya miezi 3 baada ya kesi kufunguliwa, na kuomba itangazwe kwamba bima haifai kwa sababu jambo zito lilifichwa au lilisemwa kwa uongo. Ikikubaliwa, hukumu humwangukia mwenye motokaa, na aliyeumia hana mfuko mwingine wa kudai ila wake. Kwa hiyo msimwachie wakala ajaze fomu nanyi mtie sahihi tu. Sahihi ni yako, si yake.

Mwenye fomu ya bima asiyoielewa, yake au ya mtoto wake aliye ng'ambo, ailete ofisi ya tawi kabla ya kutia sahihi. Tutaisoma pamoja, swali kwa swali.